Nyasi ya Duara na Ulimi wa Wifi Yangu

Wifi yangu aliletwa kwangu siku ya Jumapili, amekaa mbele kwenye pikapu ya mwanawe, amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Neno lake la kwanza, kabla hata mlango haujafunguliwa, lilikuwa hili:

"Wewe mke wa mdogo wangu, mbona umezeeka hivi? Nani kakuruhusu?"

Nikamwambia shikamoo. Ni lazima. Hata ningekuwa na mvi mara mbili ya zake, yeye ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na shikamoo yake huwa anaidai asubuhi na jioni. Akaitikia marahaba, ndefu, kama mtu anayepokea zawadi aliyoingojea. Lakini alipotaka kushuka, mwanawe alimbeba. Ndipo nikaona. Yule mwanamke aliyekuwa akipita mlangoni kwangu mlango unalalamika, sasa amekwisha. Mikono imebaki kama mipini ya majembe.

Ugonjwa wenyewe sitauandika, ni wake. Ulikuwa umeshaondoka, waganga wa hospitali walisema hivyo, ila wakati wa kuondoka uliondoka na ulimi wake. Kila anachotia mdomoni hakina ladha. Wali, karatasi. Kuku, karatasi. Ndizi za kupikwa, karatasi iliyolowa. Na dawa alizopewa hazimezwi tumbo likiwa tupu, zinamtapisha. Kwa hiyo hali, na kwa kuwa hali, dawa hamezi, na kwa kuwa dawa hamezi, anazidi kuisha. Mwanawe alinieleza hayo yote nyuma ya banda la kuku, kwa sauti ya chini.

"Mama," aliniambia, maana mimi ananiita mama ingawa ni mke wa mjomba wake, "nitarudi Jumamosi. Nikimkuta bado hali, naondoka naye moja kwa moja hospitali. Wamesema watampitishia uji puani, kwa mpira. Yeye hataki hata kuusikia huo mpira. Analia."

"Sasa huku umemletea nini? Mimi si daktari."

"Kasema huku kuna kitu kimoja anaweza kukila. Mlenda wa bibi. Ule wa maji ya majivu ya nyasi. Kasema bibi alikurithisha wewe, na ni wewe peke yako unayeujua."

Hapo nilijifanya natafuta mayai, na nitasema sababu, maana niliamua kwamba kama naandika basi naandika yote. Mimi kusoma kwangu kulikuwa kwa ngumbaru, elimu ya watu wazima, tena mwalimu alikuwa akisinzia kuliko sisi. Sijui kuandika kwa kuficha. Kuficha kunahitaji shule nyingi.

Ukweli ni kwamba mama mkwe wangu alinifundisha, ndiyo. Na mimi nimejisifu kwa jambo hilo miaka yote. Kwenye misiba, kwenye ngoma, kwenye foleni ya kisima, nimewaambia wanawake wenzangu kwamba mlenda wa majivu ya nyasi ya mbugani ninaujua mimi, mama alinishika mkono, wengine mnapika gundi. Lakini tangu mama mkwe afariki nilipika hivyo mara chache tu, halafu nikaacha. Dukani kuna magadi. Unachota kijiko, unatia, mlenda unalainika, unakwenda shambani. Nani ana muda wa kuchoma nyasi? Kopo la magadi nililiweka nyuma ya mtungi, na sifa nikaziacha mbele.

Basi ndiyo hiyo. Mtu anakuja kufa au kupona kwa sifa zangu.

Sasa niwaeleze nyasi yenyewe, maana wengi wenu mnadhani kila kinachoota kwenye maji ni matete. Si hivyo. Matete ni yale marefu kupita mtu, ya kujengea ua. Mafunjo ni yale yenye kichwa kama nywele za mtoto aliyeamka. Ndago mnaijua, imewatesa mashambani, na ina ndugu zake wakubwa wanaokaa mbugani, bondeni kunakotuama maji. Lakini kati ya hao ipo nyasi moja isiyo na jani. Ni ujiti mtupu, wa kijani kibichi, umesimama wima, duara kama sindano ya kushonea magunia, na ncha yake inachoma. Ukiuchana ndani kuna kitu cheupe, laini, kama pamba iliyobanwa. Zamani mafuta ya taa yalipoadimika tulitoa huo moyo wake mweupe tukaufanya utambi, tukautia kwenye mafuta ya mbarika, ukawaka vizuri tu, ila nyumba nzima ilinuka. Mume wangu alisema bora giza. Kwa Kinyaturu nyasi hiyo ina jina lake, lakini herufi nilizofundishwa hazilitoshi, nikiliandika vibaya wazee wa kwetu Mtinko watanicheka mpaka kaburini. Bwana shamba alipita hapa mwaka mmoja nikamwonyesha. Akaangalia, akasema, "Hayo ni magugu, mama." Nikamwambia asante. Amesoma miaka mingi, mtoto wa watu, sikutaka kumsumbua.

Jumatatu asubuhi nikamwacha wifi amekaa ukutani juani, nikachukua mundu nikaenda mbugani. Ilikuwa mwezi wa saba, maji yamerudi nyuma yamebaki madimbwi, udongo mweusi umeanza kupasuka pembeni. Ng'ombe wa watu walikuwa wamekanyaga kila mahali. Nikavua viatu, nikaingia. Matope ya baridi kwa mwanamke wa umri wangu ni shauri jingine, magoti yalipiga kelele mpaka ng'ombe mmoja akageuka kunitazama. Nikakata nilichokiona kimesimama, kijani, chembamba. Nikafunga matita mawili, nikarudi nayo kichwani nikijiona msichana.

Wifi akayatazama matita kwa mbali.

"Umekata zote hizo? Unataka kuezeka nyumba?"

"Wewe kaa hapo usubiri kulishwa," nikamwambia. "Kazi ya mgonjwa ni kunyamaza."

"Mimi mgonjwa wa ulimi wa kula. Ulimi wa kusema uko mzima."

Hilo nilikwishaliona. Alikuwa ananichambua mchana kutwa. Nikifagia, nimebakiza. Nikilisha kuku, nimewapendelea majogoo. Lakini ukimpelekea uji anakunywa vijiko viwili, anafunga macho kama anayemeza mchanga, anarudisha kikombe. Hapo maneno yanaisha. Nikikuta kikombe kimejaa, naye anatazama upande, roho yangu inauma kuliko nikitukanwa.

Nyasi inataka jua siku nne, tano. Mimi siku hizo sikuwa nazo. Jumatano mchana nikaligusa tita moja, bado lina ubichi tumboni. Nikasema nitafanyaje, Jumamosi inakuja haraka. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani mtu wa mkoa mwingine asingelifanya hata angetaka.

Kwetu huku baada ya kuvuna alizeti, mabua yake yamejaa kila mahali. Yamekauka, mepesi, yanawaka upesi, huhangaiki kutafuta kuni. Mvivu na mchapakazi wote wanapikia mabua ya alizeti. Mimi nikachukua mzigo mzima wa mabua, nikaupanga chini, juu nikaweka nyasi yangu mbichi mbichi, nikawasha. Ikawaka, we! Moshi ukapanda, jirani akaniita akadhani banda linaungua. Moto ulipozimika nikakusanya majivu, meupe, laini, mengi. Nikafurahi kwa wingi wake. Mama mkwe alikuwa akipata majivu ya kujaza viganja viwili, mimi nimepata beseni. Nikasema huyu bibi alikuwa anapunjwa.

Nikatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, nimekitandika nyasi ndani kama alivyokuwa akifanya mama mkwe, nikamwagia maji kidogo kidogo. Yakachuruzika kwenye bakuli, rangi ya chai ya rangi. Hayo ndiyo maji ya majivu, ndiyo yanayoulainisha mlenda na kuupa ladha ambayo magadi ya dukani hayana. Alhamisi nikabandika. Maji yalipochemka nikamimina vijiko vitatu, kama zamani, nikakoroga unga wa mlenda mkavu, nikatia karanga.

Mlenda ukainuka. Sisemi ukachemka, ukainuka. Povu likapanda mpaka mdomo wa sufuria, kijani ya ajabu, nikapuliza, nikakoroga, nikatoa moto. Nikajiambia labda ulikuwa hivi hivi, nimesahau. Mtu akishajisifu sana huwa hana wa kumwuliza.

Nikampelekea na ugali wa uwele. Akanawa. Akaunusa kwanza, akanitazama, akachovya tonge dogo kama la mtoto, akatia mdomoni.

Macho yake yakatoka. Akatema kwenye kiganja.

"Sabuni!" alisema. "Wewe mwanamke, umenipikia sabuni!"

"Sabuni ya wapi?"

"Onja!"

Nikaonja. Jamani. Ulimi wangu ulishikwa kama na koleo. Nikakimbilia maji. Yeye naye akadaka kikombe, tukawa tunasukutua huku na huku kama watu waliotoka kung'olewa meno. Nilipopata pumzi nikaanza kumwomba radhi, nikamwambia wifi nisamehe, sikukusudia. Nikamwona ameweka mkono mdomoni. Nikadhani analia.

"Kali," alisema taratibu.

"Najua ni kali, nisamehe."

"Hujanielewa. Nimesema kali. Nimeisikia." Akalamba kidole tena, kidogo kabisa, mjinga yule, akakunja uso. "Chungu. Na ina moshi. Wifi, ulimi haujafa. Miezi yote hii sijasikia kitu, leo nimesikia sabuni."

Akaanza kucheka. Kicheko hakikuwa na nguvu, kilikuwa kama cha mtu anayekohoa, lakini kilikuwa chake kabisa, kile kile alichonicheka siku ya kwanza nilipopika katika nyumba ya mama yake, mimi bi harusi ninatetemeka. Siku ile alionja mlenda wangu akauliza kama nina bahasha za kubandika. Sikusahau. Siku ya Alhamisi nilimsamehe, kwa nusu.

Halafu akaniuliza, "Umewashia nini?"

"Kuni."

"Kuni gani?"

Nikamtazama kuku aliyekuwa akipita.

"Nakuuliza kuni gani, mke wa mdogo wangu."

"Mabua ya alizeti."

Alipiga magoti yake kwa viganja. "Mabua ya alizeti! Majivu yale watu wanafulia magunia! Haki ya Mungu, mdogo wangu alioa kwa sura." Nikamwambia angalau sura ilikuwepo, wengine hawakuwa na chochote cha kuolewa nacho. Akasema endelea kusema, ila lete hilo tita lililobaki.

Nikalileta. Lilikuwa limebaki juu ya paa la jiko siku tatu zote, limeanza kuwa na rangi ya majani makavu. Akaomba lifunguliwe mapajani mwake. Hapo nikaona kitu nisichokijua. Alichukua ujiti mmoja, akauweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akauviringisha. Ulizunguka vizuri. Akauweka kulia. Akachukua wa pili, akauviringisha, ukagoma, ukaruka pembe kwa pembe. Akautupa kushoto.

"Huu una pembe tatu. Huu ni ukoo wa ndago. Huu nao. Na huu. Wewe ulikata umefumba macho?"

"Matope yalikuwa mengi."

"Mama hakukufundisha kuviringisha?"

"Mama hakuwahi kunipeleka mbugani. Nilikuta nyasi imeshakatwa."

"Na nani alikuwa anaikata?" aliuliza, huku anaviringisha wala hanitazami. "Tangu nikiwa na meno ya utoto mpaka nilipoolewa mjini. Ruba wamenyonya miguu hii mpaka wakachoka. Wewe umekuja, umekuta tita limekaa mlangoni, ukadhani limejileta."

Miaka yote nilidhani mama mkwe alinipa mimi siri kwa sababu binti yake hakuwa na haja nayo, alikuwa amevutwa na maisha ya mjini, na duka la mumewe na chai ya iliki. Kumbe kabla yangu kulikuwa na msichana ndani ya matope. Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, nami nikaanza kuviringisha. Mara ya kwanza nikakosea akanipiga kidole. Tulichambua mpaka jua likaanza kupoa. Upande wa kushoto ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia. Nitawaambia ukweli, wa kulia ulitosha kubebwa kwapani tu.

"Inatosha," alisema. "Mama hakuwa anatoa beseni."

Jioni hiyo alikunywa uji vijiko vitano, nilivihesabu kwa macho bila kuonyesha. Kidonge akakataa. Alisema vijiko vitano havibebi kidonge kile, alikwishajaribu, kitarudi na uji na kila kitu. Nikakirudisha kwenye pakiti yake.

Ijumaa tuliitandaza nyasi juu ya bati kwenye jua kali kutwa nzima, tukiigeuza kama nyama iliyoanikwa. Tulibishana jinsi ya kuiwasha. Mimi nilikumbuka mama akitumia kaa moja tu la mkaa wa mti, analiweka chini ya nyasi yenyewe, anapuliza mpaka ishike, haongezi kitu. Yeye hakuwahi kuona hilo, alipokuwa akifika nyumbani alikuwa anatumwa kuteka maji. Basi kwa hilo nilimshinda, na sikumwacha asahau. Jumamosi asubuhi na mapema tukawasha kwa kaa moja, juu ya kigae kisafi. Haikutoa moto mkubwa. Ilijikunja, ikalia lia, ikawa nyekundu, ikawa majivu ya kijivu, ya kujaza viganja viwili.

"Ona sasa," nikasema.

"Ninaona. Usipige chafya."

Maji ya majivu yalikuwa yanadondoka tone moja moja. Nilikuwa bado nasubiri bakuli lijae nusu niliposikia pikapu. Mapema mno! Nilidhani angekuja alasiri. Mwanawe akaingia uani, nyuma amepakia godoro jipya limevikwa nailoni bado, la kumlaza mama yake njiani. Wifi aliliona hilo godoro na uso wake ukafungwa. Akashika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo mama. Shikamooni wote." Alikuwa kijana mwenye adabu, mtu mzima sasa, ana kitambi. "Mama, hali vipi? Umekula?"

Wifi akanitazama mimi. Nami sikusema kwamba amekula. Ningeweza, na nilitaka, lakini mtoto angeona mikono ya mama yake.

"Uji," nikasema. "Vijiko."

Alivuta pumzi. "Basi tuondoke kabla jua halijawa kali. Wamenipa nafasi leo leo. Mama, hauumi ule mpira, nimeuliza, wanasema ni siku chache tu."

"Ngoja mlenda," alisema wifi.

"Mama..."

"Nimekuzaa, nimekungoja miezi tisa. Ngoja mlenda."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, funguo mkononi. Nikabandika sufuria. Nilipima maji kwa woga kuliko nilipokuwa bi harusi, na safari hii sikuogopa kuchekwa. Maji yakachemka. Nikatia kijiko kimoja tu cha maji ya majivu, nikamtazama, akanyanyua vidole viwili. Nikatia cha pili. Unga wa mlenda, nikakoroga, nikatia karanga. Haukuinuka. Ulitulia, ukaanza kuvuta nyuzi kwenye mwiko, kijani iliyokolea, na harufu ikatoka, harufu ya mbuga baada ya mvua na karanga na moshi kidogo. Mimi nilikuwa nimeisahau harufu hiyo. Niliikumbuka kabla sijajua ninakumbuka nini.

Akanawa. Akakata tonge la uwele, akalichovya, akalizungusha kukata uzi, akatia mdomoni. Tulimtazama watu wawili na kuku wote. Alitafuna, ingawa mlenda hautafunwi.

"Chumvi imepungua," alisema.

Mwanawe akainuka.

"Kaa! Nimesema imepungua, sijasema siitaki. Leteni chumvi."

Nikamletea. Akala. Tonge la pili, la tatu. Katikati alisita, akafumba macho, nikadhani basi, umerudi ule mchanga wake. Kumbe alikuwa anatafuta karanga na ulimi. Tonge la nne alilila taratibu, la tano akanilalamikia kwamba ugali una mabonge. Mwanawe aligeuka akajifanya anaangalia gurudumu la pikapu, na gurudumu halikuwa na tatizo lolote.

Alipomaliza akanyoosha mkono. "Dawa."

Nikampa. Akameza kimoja, maji, akameza cha pili. Tukakaa. Tukangoja kama itarudi. Jogoo akawika, wifi akamrushia kijiti. Ikapita nusu saa, labda zaidi, mimi saa sina. Haikurudi.

"Haya," akamwambia mwanawe, "nenda ukawaambie wamwekee mtu mwingine mpira wao. Mimi nimeshiba."

"Mama, ni mlo mmoja tu."

"Kesho ni mwingine. Na nyasi imekwisha, itabidi huyu arudi mbugani, na safari hii nitamwonyesha cha kukata. Bodaboda itanifikisha ukingoni."

Yule kijana alinitazama. Nikamwambia mwanangu, tupe wiki nyingine, na nikiona amerudi kwenye vijiko vya uji nitakupigia simu mwenyewe, sitakuficha. Akafikiri sana, akizungusha funguo. Mwisho akasema wiki moja, na nimpigie kila jioni, nimtajie matonge. Wifi akasema atayataja mwenyewe, mimi sijui hesabu.

Pikapu ikawashwa. Wifi akapiga kelele kutoka kwenye kigoda chake, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aletwe:

"Na hilo godoro unalipeleka wapi?"

Tulilishusha mimi na mwanawe, tukaliingiza chumbani kwangu, maana chumba kingine kina magunia ya alizeti. Wifi akatembea mwenyewe hadi mlangoni, ameshika ukuta, akalikagua.

"Mimi nalala upande wa ukutani," alisema. "Na wewe kwanza kaoge, unanuka moshi."

Nikamwambia shikamoo wifi, nikaenda kuoga.